Pai Hupikwa kwa Pua

Mama Pacha aliposema kwamba Jumapili hiyo ataoka pai ya nanasi, mama mkwe wake alimtazama usoni kama mtu anayetafuta dalili za homa.

"Pai?" bibi aliuliza. "Sukari yenyewe siku hizi tunaionyesha chai tu, wewe unazungumzia pai?"

"Ndiyo, mama. Ile yako ya hospitali."

Bibi alikuwa mpishi wa hospitali kwa miaka mingi, na hakuna neno lililomlainisha kama kutajiwa pai ile. Wagonjwa waliokuwa wamegeukia ukutani waligeuka waliposikia harufu yake ikipanda ngazi. Mwanawe, yaani mume wa Mama Pacha, alikuzwa na makombo yake, na hata sasa, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, alikuwa akiitaja pai hiyo kama wengine wanavyomtaja mchumba wao wa kwanza.

"Haya," bibi akasema, akijifanya hajakubali bado. "Nanasi liwe limeiva lakini lisiwe limelegea. Na siagi iwe siagi. Usiniletee mafuta ya kukaangia ukayaita siagi."

"Siagi ipo, mama. Kidogo."

"Kidogo kama nini?"

"Kidogo kama kidogo."

Wakacheka wote wawili, na kicheko hicho kilikuwa kigeni ndani ya nyumba ile. Mambo yalikuwa mabaya. Kwenye ghala la kujazia mitungi ya gesi, alikofanya kazi Baba Pacha, zaidi ya nusu ya watu walikuwa wamerudishwa makwao, na waliobaki walibeba kazi za wenzao juu ya za kwao. Kwa dobi, ambako Mama Pacha alipiga pasi mashuka ya hoteli, siku hizi waliitwa kwa zamu, leo wewe, kesho mwenzako. Lakini kilichomkosesha usingizi hasa ni mapacha wake. Watoto wale wa kike, ambao zamani wangekulilia pipi mpaka utamani kuhama mtaa, walikuwa wameacha kabisa kuomba vitu. Wakipita dukani waligeuza nyuso upande wa pili. Mama Pacha aliwaona siku moja, akaogopa kuliko alivyoogopa siku ya barua za kupunguzwa kazi. Ndipo wazo la pai likamjia.

Nafuu yao ilikuwa moja tu, kwamba Baba Pacha hakupunguzwa. Kazini walimwita Pua. Kwenye ghala lile harufu ya gesi haikosekani, na mtu akishinda nayo kila siku mwisho huizoea, asiisikie tena. Kifaa cha kupimia kiliharibika zamani na msimamizi hakuona haraka ya kukitengeneza. "Tuna Pua," ndilo lilikuwa jibu lake. Kwa maana Baba Pacha hakuwahi kuizoea. Alipita kati ya mitungi iliyojazwa, akiinama hapa na pale, na mtungi unaovuja aliutambua kama mama anavyomtambua mtoto aliyejikojolea. Akiinua mkono, gari linaondoka. Asipoinua, halitoki hata kama mwenye gari anatukana. Msimamizi alipokuwa akikata majina, jina lake alilipita bila hata kuinua kalamu.

Kwa hiyo Jumapili ikafika na unga ukamwagwa mezani. Bibi alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni akitoa amri. Siagi ivunjwe kwenye unga kwa ncha za vidole, si kwa kiganja, maana kiganja kina joto. Maji yawe baridi na yawe machache. Donge likisukumwa mara moja lisirudiwe, "maana ukilichokonoa litakununia." Mapacha walipewa maganda ya nanasi wayanyonye, wakakaa chini ya meza wakiyanyonya kwa kelele. Baba Pacha naye alikuja akasimama ukutani, mikono nyuma, akitazama.

"Mbona huchangamki?" mkewe akamuuliza. "Au umeshiba?"

"Nachoka tu."

"Wewe uchoke siku ya pai!"

Akatabasamu nusu. Siku hizi tabasamu lake lote lilikuwa la nusu. Mama Pacha alilihesabia kazi nyingi, akaendelea kubana kingo za pai kwa uma.

Pai iliingia kwenye oveni yao kuukuu, ambayo mlango wake ulifungwa kwa kipande cha waya. Bibi akaenda kujinyoosha chumbani na mapacha wakamfuata kusimuliwa habari za hospitali. Haukupita muda jirani akapiga kelele ukutani kwamba maji yametoka bombani, na kila mtu mtaani alijua maji yale hayamsubiri mtu. Mama Pacha akanyakua ndoo.

"Kaa hapa uilinde," akamwambia mumewe. "Unajua mama anavyosema."

"Pai hupikwa kwa pua!" bibi akadakia kutoka chumbani. "Saa haina pua. Kwanza utasikia unga, harufu ya mkate tu. Halafu siagi. Halafu sukari ya nanasi inaanza kushika moto, tamu na chungu pamoja. Hapo zima, toa, hata kama mtu anagonga mlango mwache agonge. Na nani atailinda vizuri kama mwanangu? Anakula kwa kunusa!"

Baba Pacha hakucheka. "Usichelewe," akamwambia mkewe.

"Kwani unaiogopa pai?"

"Usichelewe tu, Mama Pacha."

Foleni ya maji ilikuwa na maneno yake kama kawaida, mwanamke mmoja akidai alikuwepo kabla bomba halijachimbwa. Mama Pacha alipopata ndoo yake akaishika kwa mikono miwili, akapita uani kwa mwendo wa bata, akausukuma mlango wa nyuma kwa kiwiko. Upepo ukaingia naye. Hapo hapo harufu ikampiga usoni.

Haikuwa ya unga wala siagi. Ilikuwa ile nyingine, harufu ya kitu kilichooza pamoja na kitunguu, nzito, imejaa kutoka sakafuni mpaka kifuani. Moto wa oveni ulikuwa umezimika wenyewe na gesi ilikuwa ikimiminika kimya kimya. Na mbele ya oveni, kwenye kigoda cha mama yake, amekaa Baba Pacha, viwiko magotini, ameikodolea macho oveni ile kama mwanafunzi aliyeletewa mtihani asiousomea. Karibu naye birika la chai lilikuwa juu ya jiko, likisubiri kuwashiwa moto. Mkononi alikuwa na kiberiti. Njiti alikuwa ameshaitoa.

Hakupata hata muda wa kupiga kelele. Mikono ndiyo iliyofanya kazi. Alijikuta amemmwagia ndoo nzima, maji yote, kichwani na mikononi, na kiberiti kikaelea sakafuni kama mtumbwi wa watoto.

"Una wazimu?" Baba Pacha aliruka.

"Usiguse kitu! Usiguse taa! Toka nje!"

Kila alichofanya baada ya hapo alikuwa amefundishwa na huyo huyo mumewe, zamani, walipoanza maisha. Alifunga koki ya mtungi. Alifungua dirisha na milango yote miwili. Aliwakokota bibi na mapacha mpaka uani, bibi akiwa na kiatu kimoja. Halafu akarudi na khanga, akaanza kuifagia hewa ya chini kwa chini kuelekea mlangoni, maana gesi hukaa chini kama maji. Kila mahali alipotazama aliona cheche, kwenye msumari, kwenye kijiko, kwenye bangili yake mwenyewe, akaivua akaitupa nje.

"Gesi hiyo!" bibi alikuwa akilalama uani. "Naisikia hata huku. Mwanangu si alikuwa humo ndani? Mbona alikaa?"

Mapacha walimshikilia gauni, mmoja kila upande.

Mama Pacha alipotoka alimkuta mumewe amesimama penye kamba ya nguo, anachuruzika maji, anaitazama ile njiti iliyoloa. Alikuwa bado ameishika. Akamtazama mkewe, na mkewe akaona kwamba sasa ndipo ameelewa kilichotaka kutokea. Akakaa chini pale pale kwenye matope.

"Tangu lini?" Mama Pacha akauliza, kwa sauti ya chini ili bibi asisikie.

"Tangu ile homa."

"Homa ile ya kabla ya kupunguzwa watu?"

Akatikisa kichwa kukubali. "Nilidhani ni mafua. Mafua yakaisha, pua haikurudi. Nilikwenda zahanati wakaniambia labda itarudi, labda haitarudi. Siku iliyofuata msimamizi akaanza kusoma majina. Ningesema nini, Mama Pacha? Ningesema nini? Wamenibakiza kwa ajili ya hii." Akajigusa pua kama mtu anayegusa kidonda.

"Sasa kazini unafanyaje?"

"Nina chupa yangu ya povu la sabuni, mfukoni. Wasiponitazama napaka kwenye koki, povu likichemka najua. Lakini msimamizi hataki sabuni, anasema inachelewesha magari. Basi nyingine nazigusa tu. Koki inayovuja huwa ya baridi sana, inauma kidole."

"Na zile usizowahi kuzipaka wala kuzigusa?"

Baba Pacha alianza kukamua shati lake.

"Baba Pacha, nimekuuliza."

"Nainua mkono," akasema. "Nainua mkono na namwomba Mungu."

Mama Pacha aligeuka akatazama mtaa. Kila nyumba ilikuwa na mtungi kutoka ghala lile, kwa fundi cherehani, kwa mwalimu, kwenye kibanda cha yule mama wa chai. Asubuhi zote hizo yeye alimfungia mumewe chakula na kumtakia siku njema, kumbe anamtuma kwenda kucheza bahati nasibu na watu wote hawa.

"Kesho utawaambia."

"Kesho nitawaambia, na kesho kutwa mapacha watakula nini? Nafasi ya mtu asiye na pua ni ipi pale? Kubeba mitungi? Wabebaji vijana wamefukuzwa, mimi na mgongo huu?" Akamshika mkono. "Nipe muda kidogo. Inaweza kurudi. Wakati mwingine asubuhi nahisi kama nasikia kitu."

"Kitu gani?"

Akauachia mkono wake, akaitupa ile njiti kwenye matope.

Pai ilirudishwa motoni jioni, kwa sababu bibi alikataa katakata nanasi lile litupwe. Mama Pacha aliilinda mwenyewe, amesimama, mkono kwenye koki ya mtungi, akinusa mpaka kichwa kikamuuma. Walipokaa mezani ganda lilikuwa gumu upande mmoja na laini upande wa pili, lakini mapacha walikula wakilamba vidole, na mmoja wao akathubutu kuuliza kama kuna nyongeza. Mama Pacha alikuwa amesubiri swali kama hilo muda mrefu. Lilipokuja hakuweza hata kulifurahia.

"Umesikia mdalasini ulivyotulia?" bibi akamuuliza mwanawe.

"Unanukia mpaka moyoni, mama," Baba Pacha akajibu bila kusita. "Kama ule wa hospitali."

Bibi akaweka uma chini. "Mdalasini haumo. Mkeo hakununua. Nilitaka kumchongea tu."

Baba Pacha alimeza, akacheka, akasema basi njaa imemdanganya. Alicheka vizuri sana. Mtu asiyejua angemwamini kabisa, na hilo ndilo lililomtia Mama Pacha baridi. Aliona jinsi anavyocheka hivyo hivyo kila siku mbele ya msimamizi. Bibi aliwatazama wote wawili kwa zamu, akaendelea kula, lakini taratibu.

Asubuhi Baba Pacha aliondoka kabla mkewe hajapata nafasi ya kumbana. Ilikuwa zamu ya Mama Pacha kwa dobi. Alitembea mpaka njia panda, akaona moshi wa dobi ukipanda, akageuka akaelekea upande wa ghala. Alijua kukosa kwa dobi siku ya zamu ni sawa na kujiachisha kazi. Alijikaza kisabuni akaenda. Ndani ya mkoba alikuwa amebeba kipande cha pai kwenye bakuli, kwa sababu mtu hafiki getini mikono mitupu bila kuulizwa amefuata nini.

Mlinzi alimpekua kama mwizi. Alichukua simu yake, akafungua bakuli, akainamia, akavunja pembe ya pai akala.

"Hii ni ya mume wangu," Mama Pacha akasema.

"Nahakikisha haina kiberiti," mlinzi akajibu huku anatafuna. "Nzuri. Ila ganda gumu. Ngoja hapo kwenye mstari, usiuvuke. Wanapakia."

Akasubiri kwenye mstari, puani bado ana ile harufu nyembamba ya gesi iliyomlaki hata kabla ya geti. Ng'ambo yake, chini ya bati, mitungi ilisimama safu kwa safu, na gari lilikuwa limeshajazwa nusu ya mgongo. Wanaume watano au sita walifanya kazi ya wanaume ishirini, hakuna aliyeongea. Na kati yao alikuwa Baba Pacha. Alikuwa akipita, anainama, anasita, anafumba macho kidogo, anaendelea. Mkewe hakuwahi kumwona kazini. Alikuwa akiigiza vizuri kiasi kwamba kwa dakika moja Mama Pacha aliamini kwamba pua imerudi.

Ndipo upepo ukageuka.

Harufu ikamjia nzito kama ya jana, uozo na kitunguu, na haikutoka kwenye safu. Ilitoka nyuma ya gari. Alitazama wanaume wale, akangoja mmoja wao akunje uso. Hakuna. Walikuwa wameizoea zamani, kwao ilikuwa hewa tu. Baba Pacha alikuwa amefika mwisho wa gari. Alinyoosha kidole akagusa koki mbili tatu za karibu, na msimamizi akamwita kutoka mlangoni mwa ofisi, "Vipi, Pua? Mteja amepiga simu mara mbili!"

Baba Pacha akainua mkono.

Dereva akapanda. Mama Pacha akaona bega lake likiinama kuelekea kwenye ufunguo.

"Usiwashe!"

Alivuka mstari anakimbia, bakuli likamponyoka, mlinzi akamfuata anamshika nguo. "Usiwashe! Gesi! Kuna gesi hapo nyuma!"

Kazi ilisimama. Dereva alitoa kichwa dirishani. Msimamizi alishuka ngazi za ofisi kwa hasira ya mtu aliyeaibishwa mbele ya wafanyakazi wake.

"Nani huyu?"

"Mke wa Pua," mlinzi akasema. "Ameleta chakula."

"Mama, Pua mwenyewe amesema salama. Wewe umesomea wapi mambo ya gesi?" Mtu mmoja akacheka. "Mtoe nje. Dereva, ondoa gari."

"Ukiondoa hilo gari mtakufa," Mama Pacha akasema. Alijiona kama kichaa wa sokoni, khanga imemwanguka, mlinzi amemkamata mkono. Akamtazama mumewe. Neno moja tu la yeye mkewe lingetosha, kwamba Pua hanusi tena. Lakini hakulitamka. Alishindwa kumvua nguo mbele za watu.

Wote wakamgeukia Baba Pacha. Angeweza kusema mkewe ni mwoga, na wangemwamini, wangecheka, na ufunguo ungezungushwa. Midomo yake ilifunguka, ikafumba. Alitazama mkono wa dereva.

"Msikilizeni yeye," akasema hatimaye. "Mimi sisikii kitu. Sijasikia kitu tangu nilipougua."

Hakuna aliyetukana. Pengine ingekuwa nafuu wangemtukana. Mmoja mmoja walirudi nyuma, wakiitazama mitungi waliyokuwa wakiikumbatia siku zote hizo, na aliyecheka mwanzo alikwenda kushika ukuta. Dereva alishuka taratibu kama mtu anayeshuka mti wenye nyoka. Baba Pacha alitoa chupa yake ya sabuni mfukoni, sasa hadharani, akapanda nyuma ya gari peke yake na kuanza kupaka. Mama Pacha alisimama anahesabu pumzi zake mwenyewe. Kwenye mtungi mmoja wa katikati povu lilichemka likamwagika. Alipouinua, koki ilikuwa imeota barafu. Aliubeba kifuani mpaka uwanja wa mbali, kila mtu amejibanza, na mkewe hakupepesa macho mpaka alipouweka chini.

Ofisini waliwaacha wamesimama. Msimamizi aliongea na Baba Pacha bila kumtazama, kama anayeongea na simu. Akusanye vitu vyake. Ashukuru haitwi polisi. Mshahara wa mwezi huu asiuulize. Baba Pacha alijibu "sawa, mkubwa" kwa kila neno, mpaka mkewe akatamani kumziba mdomo.

"Na kile kifaa?" Mama Pacha akauliza. "Kingetengenezwa, haya yasingetokea."

"Kifaa kipo kwenye mpango." Msimamizi alinyanyua macho kwa mara ya kwanza. Alimtazama yeye, hasa pua yake, kama mtu anayechagua kitu dukani. "Wewe umeisikia kutoka getini?"

"Ndiyo."

"Ukiwa umesimama kwenye mstari?"

"Ndiyo."

"Una kazi?"

Alifikiria dobi, na zamu aliyoikosa. "Kwa leo sijui."

"Kesho asubuhi uwe hapa. Utaanza chini ya alichokuwa akipata mumeo, wewe bado unajifunza. Magari yangu hayawezi kulala."

Baba Pacha alikuwa akitazama sakafu. Hapo akainua kichwa. Uso ambao ulikuwa umesema uongo kwa tabasamu mezani, ambao ulipita kati ya mitungi siku zote hizo bila kupepesa, ulikuwa umejaa hofu waziwazi. Akamtikisia mkewe kichwa. Usikubali. Alitikisa tena.

Akilini Mama Pacha aliona mapacha wakigeuza nyuso mbele ya duka.

"Nitakuja," akasema.

Walitembea mpaka karibu na nyumbani. Mume alisimama ghafla.

"Mimi ilikuwa afadhali," akasema. "Nilikuwa siisikii. Nilikuwa naweza kujidanganya kwamba haipo. Wewe utakuwa unaisikia kutwa nzima."

"Basi nifundishe. Ulikuwa unajuaje? Harufu ipo pale siku zote, nimeisikia kabla hata sijafika getini. Ile ya kila siku na ile ya hatari, zinatofautianaje?"

Baba Pacha alifikiri. Alifumba macho, akavuta hewa kwa nguvu, paji la uso likakunjamana kwa kutafuta.

"Kulikuwa na tofauti," akasema. "Nilikuwa naijua vizuri sana." Akafumbua macho. "Nimeisahau, Mama Pacha."

Asubuhi mlinzi hakumpekua. Alimwachia njia, na wanaume waliokuwa wakipakia wakasimama kando, mikono imening'inia, wamempisha kama bibi harusi. Mama Pacha alipita kati ya safu ya kwanza na ya pili. Alinusa. Ilikuwepo, nyembamba, kama jana kabla upepo haujageuka, au pengine nzito kidogo kuliko jana. Akasogea. Ilikuwepo. Akainama kwenye gari, akagusa koki moja, haikuwa ya baridi, akagusa nyingine. Ilikuwepo bado, na kadiri alivyonusa ndivyo alivyoshindwa kujua kama inazidi au yeye ndiye anayeanza kuizoea.

"Vipi, mama?" msimamizi akaita kutoka mlangoni.

Dereva alikuwa ameshapanda. Wanaume wote walikuwa wakiutazama mkono wake.